Nyota ya Kichwa cha Nge: Jinsi Watu wa Kawaida Wasaidiavyo Elimu ya Nyota

Tarehe 30 Desemba mwaka 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita mbili na nusu, na uzito wake kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba pete hiyo ilikuwa sehemu ya roketi. Jambo la namna hiyo halina haja ya kutafutwa, kwa maana lajitangaza lenyewe kwa kishindo.

Lakini yako mambo mengine ya mbinguni yasiyo na kishindo hata kidogo. Hutokea polepole, usiku kwa usiku, juu ya vichwa vya watu wote, na pengine katika watu maelfu hapatikani hata mmoja anayeyatambua. Katika makala haya twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za nyota moja iliyobadilika namna hiyo, na za mtu aliyeitambua kwanza. Mtu huyo hakutumia mashine ya thamani. Alitumia macho yake, na hakuyadharau yalipomwambia jambo ambalo vitabu havikulisema.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa kazi ya kutazama nyota. Kundi dogo la nyota liitwalo Kilimia lilipata jina lake kwa sababu ya kulima, na methali yasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watu waliosema hivyo walikuwa wametazama miaka mingi, wakalinganisha, wakakumbuka. Mtazamaji wa nyota wa leo hufanya kazi ile ile, ila yeye huongeza jambo moja kubwa: huandika.

MTU ALIYEONA KWANZA

Liko kundi la nyota liitwalo Nge, nalo ni rahisi kulijua. Kuanzia mwezi Mei hadi Oktoba huonekana jioni na usiku, likiwa na mkia mrefu uliopindika kama ndoana, na katikati yake nyota nyekundu, Antares, iliyo kama moyo wake. Mbele ya moyo huo ziko nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, nazo ndizo kichwa cha Nge. Ile ya katikati wataalamu huiita Delta Scorpii. Sisi katika makala haya tutaiita Nyota ya Kichwa.

Kwa miaka mingi nyota hii ilihesabiwa kuwa haibadiliki. Wataalamu hupima mwangaza wa nyota kwa madaraja, na hesabu yake ni kama ya wanafunzi katika mtihani: mwenye namba ndogo ndiye aliye mbele. Nyota ya daraja la 1 yang'aa kuliko nyota ya daraja la 2, na ile ya daraja la 6 ndiyo hafifu kabisa ambayo jicho laweza kuiona pasipo darubini. Nyota ya Kichwa ilikuwa ya daraja la 2.3, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa vitabuni.

Katikati ya mwaka 2000, Bwana Sebastián Otero, mkazi wa Buenos Aires katika nchi ya Argentina, aliitazama nyota hii kwa macho matupu. Yeye alikuwa mtazamaji wa ridhaa, yaani mtu aifanyaye kazi hii kwa kuipenda, si kwa mshahara. Akaona kwamba imezidi kidogo mwangaza wake wa siku zote. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno, sehemu moja tu ya kumi ya daraja. Ni kama kuwa na taa kumi, kisha mtu akaongeza ya kumi na moja.

Yafaa tuifikiri hali yake. Vitabu vyasema nyota hii haibadiliki, na macho yake yasema imebadilika. Ingalikuwa rahisi kwake kusema, "Nimekosea, vitabu havikosei." Ingalikuwa rahisi pia kupiga kelele mara moja. Hakufanya hili wala lile. Aliilinganisha na nyota za jirani, akairudia tena, kisha akawapasha habari wengine. Wataalamu wenye darubini walipoipima walikuta kwamba alilosema ni kweli. Miaka iliyofuata nyota hiyo ilizidi kung'aa hata ikafika daraja la 1.6, maana yake mwangaza wake ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa zamani. Sura ya Nge, iliyozoewa na watu tangu kale, ikawa imebadilika.

KWA NINI NYOTA HUBADILIKA?

Nyota ambayo mwanga wake huongezeka na kupungua huitwa nyota badilifu. Sababu za kubadilika kwake si moja, na kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtazamaji ni kujua nyota yake ni ya aina gani.

Ziko nyota zinazofunikwa. Nyota mbili huzungukana, na moja ipitapo mbele ya mwenzake huuzuia mwanga, kama mtu apitavyo mbele ya taa. Mfano wake ni nyota iitwayo Algol, ambayo hufifia kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi. Aliyeona utaratibu huo mwaka 1782 ni John Goodricke wa mji wa York, Uingereza. Alikuwa kijana wa miaka 18 tu, tena kiziwi. Alifariki akiwa na miaka 21, lakini maelezo aliyoyatoa ya kwamba huenda kuna kitu kinachoifunika nyota hiyo yanakubaliwa hata leo.

Ziko nyota zinazotanuka na kunywea, kama kifua cha mtu apumuaye. Moja yao ni Mira. Mwaka 1596 David Fabricius, mchungaji wa kanisa aliyekaa pwani ya kaskazini ya Ujerumani, aliiona iking'aa kisha ikatoweka machoni pake. Mira huchukua miezi kama 11 kutoka kung'aa kwake hata kung'aa tena, na inapofifia kabisa haionekani pasipo darubini.

Ziko nyota zinazolipuka kwa ghafula, na ziko zinazozibwa na mavumbi yao wenyewe. Wasomaji wengine wanaweza kukumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, Betelgeuse, nyota nyekundu iliyo katika kundi la Jabari, ilififia sana hata watu wakadhani yataka kupasuka. Haikupasuka. Wataalamu walikuta kwamba ilikuwa imetoa gesi, na gesi hiyo ilipopoa ikawa vumbi lililouzuia mwanga wake.

NYOTA YA KICHWA NI YA AINA GANI?

Ili kulijibu swali hili, wataalamu waliuchukua mwanga wa Nyota ya Kichwa wakautawanya katika rangi zake, kama matone ya mvua yautawanyavyo mwanga wa jua yakafanya upinde wa mvua. Katika rangi hizo waliona mistari iliyong'aa, na mistari hiyo ni alama ya gesi ya hidrojeni iliyo nje ya nyota. Basi ikajulikana kwamba nyota hii imezungukwa na gesi yake yenyewe.

Nyota ya Kichwa ni kubwa, nyeupe yenye ubuluu, na joto la uso wake lapita nyuzi 25,000, hali uso wa jua letu una nyuzi kama 5,500 tu. Tena yazunguka upesi sana. Msomaji aliyeendesha baiskeli njia ya matope amekwisha kuona jinsi gurudumu lirushavyo tope. Nyota hii nayo hutupa gesi kutoka kiunoni mwake, na gesi hiyo hufanya duara pana bapa linaloizunguka. Mwanga wa duara hilo huongezeka juu ya mwanga wa nyota yenyewe, nasi huku duniani twaona kwamba nyota imezidi kung'aa. Duara likipungua, mwanga nao hupungua.

Nyota za namna hii huwekwa katika aina inayoitwa kwa jina la Gamma Cassiopeiae. Hiyo ndiyo nyota ambayo padre mmoja wa Kiitaliano, Angelo Secchi, aliona mistari yake iliyong'aa mwaka 1866.

Lakini Nyota ya Kichwa ina jambo la pekee. Inayo nyota mwenzake, na njia ya mwenzake huyo si duara bali ni ndefu na nyembamba mno. Kwa muda mrefu huwa mbali, kisha huja karibu sana, hupita kasi, huenda zake. Safari yote huchukua miaka 10 na miezi kama 10. Alipita karibu katika Septemba mwaka 2000, miezi michache tu baada ya Bwana Otero kuona badiliko lile. Wengi wakauliza kama ujio wa mgeni huyo ndio uliovuruga gesi. Mwaka 2011 aliporudi, watazamaji wa ridhaa na wataalamu wa nchi nyingi walikuwa wamejiandaa, lakini haikutokea vurugu kubwa kama wengine walivyotazamia. Basi swali la nini hasa lililoiamsha nyota hii mwaka 2000 bado linajadiliwa, na kila hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu husaidia kulijibu.

KAZI YA WATU WA RIDHAA

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa wataalamu wanazo darubini kubwa, kwa nini wawategemee watu wa kawaida? Jibu ni kwamba nyota badilifu ni nyingi mno na wataalamu ni wachache. Tena darubini kubwa hutazama kitu kimoja kwa muda mfupi, kisha huelekezwa kwingine. Nyota inayobadilika kwa miezi na miaka yataka mlinzi wa kila usiku.

Huku Afrika kazi hii ina historia ndefu. Mwaka 1883 mwalimu mmoja Mskoti, Alexander Roberts, alifika kufundisha katika shule ya misheni ya Lovedale, Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1891, baada ya kazi yake ya mchana, alizitazama nyota badilifu za kusini usiku kwa usiku, kwa muda wa miaka kama thelathini, naye aliacha hesabu makumi ya maelfu. Mwaka 1911 kiliundwa Chama cha Marekani cha Watazamaji wa Nyota Badilifu, ambacho leo hupokea hesabu kutoka kwa watu wa nchi nyingi, na hazina yake ina hesabu makumi ya mamilioni.

Faida ya kuweka kumbukumbu ilionekana hata hapa Kenya. Tarehe 12 Desemba mwaka 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa nchi, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo miale ya eksirei, isiyoonekana kwa macho na isiyoweza kupenya hewa ya dunia. Katika kundi liitwalo Hercules, Uhuru iligundua kitu kilichotoa miale hiyo kwa mapigo, pigo moja kila baada ya sekunde moja na robo hivi, na kila baada ya siku 1.7 kikanyamaza kwa saa chache kana kwamba kimefunikwa.

Wataalamu walipotafuta ni nyota gani, mwaka 1972 walikuta ni HZ Herculis, nyota ambayo Mjerumani Cuno Hoffmeister alikuwa ameiandika kuwa badilifu tangu mwaka 1936. Aliyeiandika hakujua kwamba siku moja chombo kitakachorushwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kitaifanya ijulikane duniani kote. Tena zilitafutwa picha za zamani zilizohifadhiwa kabatini, nazo zikaonyesha kwamba kuna miaka ambayo nyota hiyo ilipungua mabadiliko yake. Chombo kipya kilileta swali, na sehemu ya jibu ikapatikana katika kumbukumbu za zamani.

KUITAZAMA KATIKA KITUI NA MAKUENI

Watu wa Kitui na Makueni wanayo neema ambayo wengine huifuata kwa nauli kubwa. Ya kwanza ni giza. Ukiondoka katika taa za mji wa Kitui, au za Wote, au za miji iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa kama Emali na Kibwezi, utaona mbingu iliyojaa nyota hata chini kabisa. Ya pili ni mahali penyewe. Kwa kuwa tupo karibu na ikweta, twaweza kuziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Huko London Nge hutambaa chini ukingoni mwa mbingu na mkia wake haupandi, lakini kwetu hupanda juu sana.

Wakati mzuri ni miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ijapokuwa mawingu ya baridi ya Julai huweza kufunika vilima vya Mbooni na kwingineko. Katikati ya Julai, Nyota ya Kichwa huwa juu kabisa yapata saa tatu usiku. Mwishoni mwa Novemba haionekani, kwa sababu jua limekuwa upande wake. Basi mwenye kutaka kuanza na afuate mambo haya:

1. Chagua usiku usio na mbalamwezi. Kaa gizani robo saa nzima ili macho yazoee, wala usitazame simu. Ukihitaji mwanga wa kuandikia, funika tochi kwa kitambaa chekundu. Hakuna haja ya kwenda mbali. Uani kwako panatosha, na porini mna nyoka, tena upande wa Tsavo mna tembo.

2. Zijue nyota za kulinganishia. Nyota ya mwiba wa Nge, mwishoni mwa mkia, ni ya daraja la 1.6. Nyota ing'aayo mahali mkia unapopinda ni ya 1.9. Ile iliyo chini ya moyo, mkia unapoanza, ni ya 2.3. Zile mbili zilizo pande mbili za Nyota ya Kichwa ni za 2.5 na 2.9.

3. Tafuta nyota moja inayoizidi Nyota ya Kichwa kidogo, na moja inayopungukiwa nayo kidogo. Ikiwa imepungua kuliko ile ya 1.6 lakini imeizidi ile ya 1.9, andika 1.7 au 1.8, kadiri uonavyo.

4. Linganisha Nge anapokuwa juu, maana nyota iliyo karibu na upeo hupunguzwa mwanga na hewa na vumbi. Usiitumie Antares, kwa kuwa nayo ni badilifu, tena nyota nyekundu hulidanganya jicho likiikazia sana.

5. Andika tarehe, saa, namba, nyota ulizolinganishia, na hali ya mbingu. Wataalamu hutumia saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Saa tatu usiku kwetu huandikwa 18:00.

6. Usitazame kwanza ulichoandika jana. Andika ulichoona leo, hata kama kinapingana na jana, na hata kama chapingana na kitabu. Mwenye kurekebisha namba ili zipendeze ameiharibu kazi yake na ya wenzake.

Sharti hili la sita ndilo kubwa kuliko yote. Bwana Otero hakupewa jicho kali kuliko macho ya watu wengine. Kilichomtofautisha ni kwamba aliijua nyota yake ilivyokuwa jana, na alikuwa tayari kusema kweli juu ya leo.

NYOTA NA WATOTO WETU

Nyota ya Kichwa iko mbali nasi kwa zaidi ya miaka 400 ya mwendo wa nuru, na nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mwanga tuuonao usiku wa leo huenda ulianza safari yake zama zile Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, mwaka 1593, au hata kabla yake. Umesafiri miaka yote hiyo, na mwisho wa safari yake ni katika jicho la mtu aliye macho. Kama hakuna anayetazama, habari iliyouleta hupotea.

Yule mwenzake wa Nyota ya Kichwa atapita tena karibu nayo mwaka 2033 hivi. Mtoto aliye katika shule ya msingi leo huko Mutomo au Makindu atakuwa kijana wakati huo. Akianza sasa, na daftari la kawaida la shuleni na kalamu, atakuwa na hesabu za miaka kadhaa mkononi mwake kabla ya siku hiyo kufika, na atajua mwenyewe, pasipo kuambiwa na mtu, kama nyota imebadilika au la. Walimu na wazazi na wawaonyeshe watoto Nge usiku wa leo, kama hakuna mawingu, na kuwafundisha kuandika namba ya kwanza.